Eda Iliyochelewa

Mume wangu wa kwanza alikuwa mtu wa kurambaza. Siku hizi ukilitaja neno hilo vijana wanakutazama tu, basi nieleze. Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya ngalawa huku ngalawa inakwenda. Isipokwenda hupati kitu. Chambo kikitulia kinazama, na nguru hana haja na kitu kilichotulia, anataka kinachomkimbia. Kwa hiyo watu wa kurambaza hawatii nanga. Wanakwenda na kurudi juu ya mkondo ule ule kutwa nzima, kama mtu anayefagia uwanja.

Majina ya watu nitakaowasema ninayo yote, na ya baba zao, na ya ngalawa zao. Siyatii humu. Wana wajukuu hapa hapa, na mtu hapendi kumkuta bibi yake amekaa kitabuni. Nitasema mume wangu, mama mkwe, shemeji. Inatosha.

Nilizaliwa Kaole, nikaolewa upande wa Mbegani, mbali si mbali, mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, vita vya pili havijaanza. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Mzee wake alikwisha kufa, na vijana wake wawili, mume wangu na mdogo wake, walivua ngalawa moja.

Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa mishipi na manyoya. Uzi wa pamba ulitoka dukani mjini, tukausokota mapajani ukawa mnene, tukauchemsha na magome ya mkoko mpaka ukashika rangi ya chai, ndipo ukaanikwa kutoka mnazi huu hadi ule. Usipochemshwa maji ya chumvi yanaula. Chambo kilikuwa unyoya mweupe wa jogoo, unafungwa shingoni mwa ndoana kwa uzi mwembamba. Ukikokotwa unachezacheza, nguru anadhani ni dagaa. Vidole vya wanaume havifungi unyoya, ni vinene. Mimi nilifunga vizuri, hilo mama mkwe mwenyewe alilikubali, na hakuwa mwepesi wa kukubali mambo.

Jogoo wetu hakuishi na mkia. Jirani mmoja alikuwa akipita anasema, "Mama, jogoo wenu anawika kwa sauti ya chini siku hizi. Anaona haya."

Mama mkwe anamjibu bila kuinua uso, "Haya zake ndizo ulizokula jana na wali."

Msimu wenyewe ulikuwa maleleji, pale upepo mmoja umekufa na mwingine haujazaliwa. Bahari inakuwa safi unaona mpaka chini, vinapuliza vipepo vidogo vya asubuhi, na hivyo vinatosha ngalawa. Nguru wa kwanza wa msimu kichwa chake ni cha mama aliyemzaa mvuvi. Hata mke hakigusi. Mama mkwe alikipika kwa nazi na ndimu, akala peke yake jikoni, akatoka anajifuta midomo, akisema mwaka umefunguka.

Sasa, mguu. Wenzake mume wangu walifunga mshipi kwenye mti wa ngalawa kwa kijiuzi kibovu. Samaki akivuta, kijiuzi kinakatika, mtu anajua, anaushika mshipi kwa mikono. Mume wangu aliuzungusha kwenye kifundo cha mguu. Alisema mti haujui samaki. Nguru hugusa kwanza kwa mdomo, kama mtu anayeonja chumvi, na mti hauambiwi habari hiyo, lakini mguu unaambiwa. Wazee walimkanya pwani, mbele ya watu. Yeye akacheka. Nyumbani mama mkwe akamtetea, "Baba yake alirambaza hivyo hivyo, na alifia kitandani mwake, uso kibla."

Na kweli alipata nguru kuliko wenzake.

Siku ile waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Sikumwuliza anakwenda wapi, mvuvi haulizwi. Nilikuwa nimekaa nje nasokota uzi. Jua lilikuwa halijafika utosini nilipoona tanga letu linarudi, nikajua ni mapema mno. Shemeji aliiacha ngalawa ijipige mchangani, hakuivuta. Alishuka akakaa kwenye maji ya magotini.

Mama mkwe alikwenda akasimama mbele yake. "Kaka yako yuko wapi?"

"Ameingia majini."

"Ameingia au ameanguka?"

"Amevutwa, mama."

Akasema hivi. Walikuwa wanakwenda vizuri, upepo uko nyuma. Mshipi ukakaza. Mume wangu akacheka, akasema leo wamempata babu wa nguru wenyewe. Akainama aufungue mguuni aushike kwa mikono, na hapo samaki akavuta mara ya pili. Mguu ukaondoka. Akapita nyuma ya ngalawa bila kelele, kama gunia. Shemeji alishusha tanga, akapiga kafi, lakini ngalawa si mtu, haigeuki unapoiambia. Alipofika pale hapakuwa na kitu. Alizunguka, akaita, akazunguka.

"Ulimwona amekufa?" mama mkwe aliuliza.

"Sikumwona."

"Sema tena."

"Sikumwona amekufa, mama."

"Basi hujaona kitu. Vuta chombo juu, maji yanajaa."

Akarudi ndani akapakua wali, akatenga sahani ya mwanawe, akaifunika na kawa. Mimi niliendelea kusokota. Nakumbuka uzi ulikuwa mzuri siku ile, hauna fundo hata moja.

Wanaume wote wa pwani walitoka kutafuta, siku ile na kesho yake, mpaka mafungu ya mchanga ya nje. Hawakuleta kitu. Jirani walikuja na mikeka yao kukaa matanga, kama ilivyo desturi. Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Hapa hakuna msiba," akawaambia. "Hapa kuna mtu amechelewa. Rudini na mikeka yenu."

Wakarudi. Mmoja alisahau mkeka wake barazani, na mama mkwe akampelekea mwenyewe, umekunjwa.

Mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, ndiye aliyekuwa imamu pia, akaja. Alikaa na mama mkwe na shemeji barazani, mimi nikasikia kutoka ndani. Alisema aliyepotea si maiti. Kuna shahidi mmoja, na shahidi huyo aliona mtu akivutwa, hakuona mtu akifa. "Lakini dalili zinajulikana," akasema. "Mama mzazi akiridhika kuwa mwanawe amekufa, na kijana huyu akasimama na maneno yake, nitakwenda mwenyewe kwa kadhi mjini, na binti atakaa eda yake."

"Siridhiki," mama mkwe akasema. "Mwanangu anaogelea."

"Basi tunasubiri," akasema mwalimu, akanywa kahawa yake.

Asiyejua mambo yetu nimweleze. Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Anakaa ndani. Havai cha kung'aa, hajitii manukato, hajitazami kwenye kioo. Wenziwe humpikia, humsogezea maji, huzungumza naye kwa sauti ya chini. Watu huiona adhabu. Mimi niliitaka. Tangu siku ile mwalimu alipoondoka sikutaka kitu kingine duniani, na naomba nieleweke hapo, kwa sababu watu walinidhani nataka mengine.

Sikulia. Wanawake walikuja kunitazama usoni kama wanavyotazama chungu kuona kama kinavuja, wakarudi makwao. Sikuwa na uchungu wa kuwaonyesha. Nilikuwa nimekufa ganzi, toka utosini. Nilitwanga, nilichota maji, niliparua samaki wa shemeji, na kila kitu nilikigusa kama nimevaa magunia mikononi. Mguu ukifa ganzi unakaa chini, unaunyoosha, unasubiri mpaka wadudu wautambae, ndipo unakuwa wako tena. Mimi sikupewa pa kukaa.

Mama mkwe ndiye aliyenizidishia. Kwake yeye mwanawe alikuwa safarini, na mke wa mtu aliye safarini hakai ovyo. Kila alasiri aliniita.

"Umeoga?"

"Nimeoga, mama."

"Jipake wanja."

"Mama, leo nimechoka."

"Jipake. Mumeo akirudi akukute mtu, asikute mwiko."

Akanichumia asumini mwenyewe, akanitia nyweleni. Akakaa ananitazama ameridhika, kisha akageuza uso baharini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: wanja, asumini, vipuli masikioni, na sahani chini ya kawa ambayo kila asubuhi tuliwapa kuku. Sikumchukia. Ningeweza kusema nilimhurumia, lakini sikumbuki kuwa na huruma wakati ule. Nilifanya alivyotaka kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema.

Kisimani walinisema. Mke wa mshona matanga ya ngalawa alivuta pumzi kwa nguvu nilipopita.

"Mwenzetu unanukia. Unamnukilia nani?"

"Mume wangu."

"Yupi tena?"

Wakacheka. Bibi mmoja aliyekuwa anafua akasema, "Mwacheni huyo. Huyo popo. Ndege hawamtaki kwa meno yake, wanyama hawamtaki kwa mbawa zake."

Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alisema kweli ilivyokuwa. Nilijaza mtungi, nikajitwika, nikaenda zangu. Njiani nilijaribu kukasirika, sikuweza.

Shemeji aliacha kurambaza. Mishipi tuliyochemsha ikabaki imening'inia ukutani, yeye akafanya kazi ya madema, mitego ya samaki, huku huku karibu, penye maji ya kiunoni. Akiingia ndani hakunitazama. Siku moja alinikuta peke yangu jikoni, akasema, "Shemeji, ningesema nilimwona. Ningesema tu, ingekwisha."

"Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Basi usiseme."

Akachukua kaa la moto kwa koleo awashe sigara yake, akatoka.

Upepo wa kaskazi ulikuwa umeshika sana baba yangu alipokuja kutoka Kaole, amevaa kanzu ya Ijumaa na siku yenyewe si Ijumaa. Mama mkwe alimkaribisha vizuri, akamtengea kahawa na kashata. Wakaulizana hali, za nyumbani, za mashamba, za mpunga, mpaka maneno yakaisha.

"Mkwe," baba akasema, "nimekuja kumchukua binti yangu."

"Mumewe hajatoa ruhusa."

"Mumewe yuko wapi wa kutoa ruhusa?"

"Yuko baharini. Wavuvi hukaa baharini."

"Samaki ndio hukaa baharini, mkwe."

Mama mkwe akamwongeza kahawa. Baba akanigeukia mimi. Alikuwa mtu mpole, na wapole wakiudhika hawajui pa kuiweka mikono yao, basi alikuwa anaishika fimbo yake huku na huku.

"Twende kwa kadhi mwanangu. Atakufungua ndoa. Mume aliyetoweka, asiyekulisha wala kukuvika, kadhi anamfungua mke. Lipo jambo hilo."

"Sitaki kufunguliwa, baba."

"Unataka nini?"

"Nataka kukaa eda."

"Eda ya nani?" mama mkwe akauliza.

Baba alikula kashata moja, akaaga. Alipofika kwenye minazi alisimama nikadhani atarudi, kumbe alikuwa anatoa jiwe kwenye kiatu.

Nimelifikiria sana jambo lile baadaye, kwa nini sikumfuata. Kufunguliwa ni kwa mwanamke aliyetelekezwa. Mume wangu hakunitelekeza. Alivutwa mguu. Nilijua amekufa tangu shemeji alipokaa kwenye maji, nikajua kama ninavyojua hiki ni kidole changu, ila kujua kwenyewe kulikuwa mbali, kama sauti ya mtu anayetwanga kijiji cha pili. Nilitaka kukaa ndani mpaka sauti ile ifike.

Kaskazi ikavuma, ikachoka. Mawingu ya masika yalianza kujikusanya upande wa bara ndipo mchuuzi wa chumvi alipoleta habari. Huko Winde, ng'ambo ya Ruvu, kuna mtu ameokotwa baharini. Amevunjika mguu. Siku za mwanzo alikuwa hasemi, homa tupu. Mrefu, maji ya kunde.

Mama mkwe hakumwacha amalize. "Mguu upi?"

"Sikuuliza, mama."

"Ni mguu wa mshipi," akasema, akaingia ndani kufunga mzigo.

Shemeji alimwambia miezi imepita mingi, mtu hawezi kukaa baharini kaskazi nzima. Akajibiwa kuna visiwa, kuna majahazi, kuna watu wema. Mama mkwe akatoa kikoi kipya na kofia ya mwanawe, akavitia kwenye kikapu. Kabla hatujatoka alinipaka hina miguu yote, akanikalisha mpaka ikauka.

Tulikwenda sisi watatu. Tulilala kwa ndugu za mama mkwe mjini Bagamoyo, asubuhi tukavuka Ruvu kwa mtumbwi. Mvushaji alitwambia tusiweke mikono majini kwa sababu ya mamba, na mama mkwe akamwambia apige kafi aache hadithi. Baada ya hapo ni mchanga, na mikoko, na mashamba ya chumvi meupe yanayoumiza macho. Alitembea mbele yetu. Alikuwa mama mzima, na sikumwona akipumzika ila kwa sala.

Mtaniuliza mimi nilikuwa na hali gani. Najiuliza pia. Sikusema moyoni, awe yeye. Sikusema, asiwe yeye. Nilitazama hina kwenye miguu yangu jinsi inavyoingia vumbi.

Nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa ya mvuvi na mkewe. Yule mke alitutoa wasiwasi mapema. "Yupo, karibuni. Anakula, anasema. Sasa anatuchosha kwa maneno."

Mama mkwe alisimama kizingitini. Hakuingia. Akamwashiria shemeji atangulie. Shemeji aliinama chini ya makuti, akatazama ndani, akageuka. Hakutikisa hata kichwa. Mama mkwe alimtazama usoni, na baadaye akaingia vile vile, na mimi nikamfuata kwa sababu nilizoea kumfuata.

Alikuwa kijana mwingine. Amelazwa kitandani, mguu umefungwa mianzi, ana meno mazuri na macho ya mtu wa utani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mguu."

"Nimekwisha poa. Unaniwasha tu, na siwezi kujikuna."

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda karibu naye. Ungedhani ndiye aliyemfuata. "Kwenu wapi?"

"Unguja, mama. Shamba, huko kaskazini. Ngalawa ilipasuka vipande viwili, mimi nikabaki na nusu, wenzangu sijui. Nusu yangu ikanileta huku."

"Una mama?"

"Ninaye."

"Una mke?"

"Ninaye. Sasa hivi yuko eda yangu." Akacheka. "Nitamkuta amejifungia ndani, nibishe hodi, sijui atakimbilia wapi. Mlango mmoja tu ule."

"Una hakika wamekusomea hitima?"

"Wameshasoma na wali wameshakula. Kwetu hawachelewi. Na nina mbuzi mmoja mwekundu, nampenda sana, nadhani wamemchinja yule. Basi huyo ndiye aliyekufa, mama, si mimi. Hitima haikunifanya kitu. Ningekuwa sijui ningedhani hata hawakusoma."

"Hukusikia lolote."

"Nisikie nini? Nilikuwa hapa nakunywa uji."

Mke wa mvuvi alileta madafu. Kijana aliendelea kusema, juu ya mbuzi, juu ya mashua atakayoingoja imrudishe kwao mguu ukishika. Mama mkwe akafungua kikapu, akatoa kikoi na kofia, akaviweka kitandani.

"Vaa hiki utakaporudi kwenu. Mkeo asikukute na matambara."

"Mama, hiki kipya."

"Ndiyo, kipya."

Tuliondoka kabla ya alasiri. Mama mkwe alitutangulia njia nzima, mpaka tuko kwenye mtumbwi katikati ya Ruvu. Alikuwa amekaa mbele, ametupa mgongo.

"Mkewe anajua akae wapi," akasema.

Mimi na shemeji tukatazamana.

"Nimesema nini? Mke wa yule anajua akae wapi. Na yule akiwa hai yuko hai. Kusomewa hitima hakukumwua." Akapangusa maji mkononi. "Mwanangu akiwa hai atarudi atukute tumesoma. Atacheka. Anapenda kucheka. Kesho nitamwita mwalimu."

Shemeji alilia pale pale mtumbwini, kichwa kwenye magoti, na mvushaji akajifanya haoni. Mimi nilitazama maji. Nilijiambia, sasa nitakaa. Hiyo nadhani ndiyo furaha niliyokuwa nayo mwaka ule, kama niite furaha.

Mwalimu alikuja na kitabu chake na mzee mmoja wa mtaa. Mama mkwe akasema maneno yake mbele yao, sauti kavu: ameridhika kuwa mwanawe alikufa siku ile aliyovutwa. Shemeji akasema yake. Mwalimu akaomba dua, tukaitikia amina. Alikwenda mjini kwa kadhi, tukangoja, akarudi baada ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nimetayarisha chumba. Nilitoa kioo, nilivua vipuli, nikafua kanga zangu mbili zilizochakaa. Mkeka niliutandika upande usio na dirisha.

Tuliposikia hodi yake mama mkwe akaniambia nikae nyuma ya pazia, kama mjane.

Mwalimu alikohoa. "Kadhi amekubali. Alikufa siku ile."

"Alhamdulillahi," mama mkwe akasema. "Basi binti aingie leo."

"Hapana, mama. Tusikilizane. Eda inahesabiwa toka siku ya kifo, haihesabiwi toka siku ya kuambiwa. Na kutoka siku ile mpaka leo, miezi minne na siku kumi imekwisha pita na ziada. Binti hana eda. Imekwisha."

Kuku aliingia, akatoka.

"Hajakaa, mwalimu," mama mkwe akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nampaka wanja."

"Hakuna dhambi, hamkujua. Imehesabika hivyo hivyo. Yuko huru. Anaweza kurudi kwa baba yake, akitaka anaweza kuolewa hata kesho."

"Nani amekuuliza habari za kuolewa?"

"Naeleza hukumu, mama."

"Hukumu nimeisikia."

Nilisimama nyuma ya pazia na mikono yangu. Nilikuwa nimekaa eda yote kisimani, na sokoni, na asumini kichwani, bila kuijua. Nilisubiri nione kama hilo litaniuma. Nilisikia nyayo za mwalimu zikienda barazani, na mama mkwe akamwita arudi kuchukua fimbo aliyoisahau.

Halafu pazia likafunguka. Mama mkwe alinitazama, nimevaa kanga kuukuu, masikio matupu.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

Akatazama chumba, mkeka, pale kioo kilipokuwa ukutani. "Kaa," akasema. "Hakuna sheria inayomkataza mtu kukaa chini ndani ya nyumba."

Nikakaa. Alinipikia uji mwenyewe, akanisogezea maji, akazungumza nami kwa sauti ya chini. Jirani walikuja na mikeka, safari hii hakuwarudisha. Hitima ikasomwa. Wanawake walinikalia pembeni wakalia badala yangu, na mke wa mshona matanga alilia kuliko wote. Mimi nilikuwa nalala. Nililala mchana na usiku, mdomo wazi, kama mtoto mchanga, nikiamka nakula, kisha nalala tena. Uchungu sikuusikia ukifika. Labda ulifika nimelala.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Haikuwa eda, basi hapakuwa na aliyehesabu. Masika ilikuwa imeanza, kuni zote mbichi. Asubuhi moja nilimsikia jikoni akipuliza, anakohoa, anapuliza, moshi unaingia mpaka chumbani. Nikaondoka mkekani nikaenda. Nilimpokea kipande cha kuti, nikapepea mpaka moto ukashika.

"Umemaliza?" akaniuliza, macho yake mekundu kwa moshi.

"Nimemaliza."

"Haya. Teka maji ya uji."

Nikateka. Baba alikuja juma lile, nikaenda naye Kaole.